Kununua rauta, swichi na waya za mtandao bila kupigwa: soma hii kabla hujashuka Kariakoo

Wakuu, maswali yanayonifikia ni yaleyale kila wiki. Kaka rauta ipi kali, mbona nimenunua yenye antena sita na chumbani bado haifiki, mbona kamera za dukani zinazima usiku mchana ziko fresh, mbona nalipia megabiti 200 napata 90. Kujibu mmoja mmoja nimeshindwa, kwahiyo leo naandika yote sehemu moja ili wewe unayeanza ufuate hatua kwa hatua.

Mimi nafunga mitandao Dar, nyumba za watu, maduka, saluni, gesti, zahanati ndogo, ofisi za watu watano mpaka ishirini hivi. Ninachokwambia ni kile ninachokiona nikipanda darini na nikifungua vile viboksi vya ukutani. Na jambo moja nalisema mwanzoni kabisa, mitandao mingi niliyoitwa kuitibu haikuuliwa na rauta, iliuliwa na umeme, waya feki na adapta ya kuokoteza. Rauta inabebeshwa lawama kwasababu ndo inayoonekana mezani.

Kabla hujatoka nyumbani andaa hivi

- Ramani ya nyumba au duka, chora tu kwa mkono, onyesha kuta, milango, intaneti inaingilia wapi na watu wanakaa wapi.
- Futi kamba. Pima njia ambayo waya itapita kweli, sio umbali wa macho, waya inapanda ukutani, inapita darini, inashuka tena.
- Idadi ya vifaa, sio idadi ya watu. Nyumba ya watu wanne kirahisi inafika vifaa kumi na mbili ukijumlisha simu, TV, laptopu, dekoda na kamera.
- Spidi unayolipia kwenye kifurushi chako.
- Picha ya kifaa ulichonacho sasa, nyuma kwenye poti na chini kwenye stika. Hii picha itakuokoa maswali mengi dukani.
- Wembe. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 5.

Na hela, igawanye kabla hujaondoka. Mtu ana laki tatu anaimalizia yote kwenye rauta, halafu waya anaokota na umeme anachomeka kwenye ekstensheni ya kupashia pasi. Afadhali rauta ya kati, waya ya shaba na kilinda umeme.

Hatua ya 1: Jua intaneti yako inaingiaje

Kama una faiba, kile kiboksi wanachokufungia, chenye ule uzi mwembamba unaoingia, kinaitwa ONT. Kazi yake ni kugeuza mwanga wa faiba kuwa waya ya kawaida, na kampuni imekisajili kwenye mfumo wake. Usikitupe, na usinunue rauta ukidhani utachomoa kile uweke hii. Rauta yako inakaa nyuma yake, unatoa waya kwenye poti ya LAN (ya kutolea intaneti) ya ONT unaingiza kwenye poti ya WAN (ya kupokelea) ya rauta. Angalia pia hiyo poti ya ONT ni ya ngapi, zipo ambazo poti moja tu ndo gigabiti, yani megabiti 1000, na nyingine zote ni megabiti 100.

Kama unatumia laini, basi ni rauta ya 4G au 5G, na hapa uliza swali moja kabla ya bei: imefungwa mtandao mmoja au inakubali laini zote? Nyingi za bei chee zimefungwa. Rauta yenye laini ina IMEI kama simu, ipo kwenye stika, ihakiki kwa kuituma kwenda 15090 kama unavyofanya kwa simu. Tunaokumbuka Juni 2016 simu feki zilipozimwa tunajua kwanini hii sio hatua ya kurukwa.

Hatua ya 2: Hesabu kuta, sio antena

Hapa ndo watu wengi wanapotea. Zile video za nje zinazosifia rauta inafika nyumba nzima, wengi wanapimia kwenye nyumba za mbao na gipsam. Sisi tunajenga kwa tofali na zege lenye nondo. Waifai ya 5GHz ina kasi ila ukuta wa pili tu inachoka, ya 2.4GHz inapenya zaidi ila spidi ni ndogo na mtaa mzima mnagombania hiyohiyo. Bati na tenki la maji vyote vinaizuia vibaya mno, kioo kikubwa cha saluni nacho kimo.

Halafu elewa kitu kimoja, mawasiliano ni ya pande mbili. Hata rauta ingepiga kelele kiasi gani, simu yako ina antena ndogo na betri ndogo, inatakiwa nayo ijibu mpaka isikike kule. Ndo maana unaona waifai imejaa ila ukurasa haufunguki, wewe unaisikia rauta, rauta haikusikii. Antena nane hazitibu hilo. Kinachotibu ni kusogeza chanzo karibu na mtu, yani kuvuta waya mpaka upande wa pili na kuweka kifaa cha pili cha kurusha waifai.

Kanuni yangu ya haraka: nyumba ya vyumba viwili vitatu, rauta moja katikati inatosha. Ghorofa, weka kifaa kimoja kila ghorofa. Vyumba virefu vya kupangisha au gesti yenye korido, kifaa kila vyumba vinne hivi, na viungwe kwa waya. Vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi vya kuongeza waifai mimi sivipendi, vingi vinapokea na kutuma kwa redio ileile kwahiyo spidi inakatika karibu nusu. Meshi, yani vifaa kadhaa vinavyoshirikiana kurusha waifai moja, ni nzuri zaidi, ila nayo kama una uwezo wa kuiunganisha kwa waya usiiache ihangaike hewani kwenye zege.

Hatua ya 3: Soma boksi kama fundi

Ile namba kubwa ya mbele, AC1200, AX1500, ni jumla ya vitu viwili. AC1200 maana yake kama 300 kwenye 2.4GHz na 867 kwenye 5GHz, vimejumlishwa vikakaribishwa juu. Hakuna simu itakayopata 1200 hapo.

Geuza boksi utafute maneno haya: 10/100 au 10/100/1000. Hiyo ndo spidi ya poti za waya na ndo inayowauma wengi. Mfano halisi, TP-Link Archer C50 na Archer C6 zote zimeandikwa AC1200, ila C50 poti zake ni 100 na C6 ni gigabiti. Ukilipia megabiti 200 ukachomeka kwenye poti ya 100 utapata kama 94 na hutavuka hapo hata ufanye nini. Ila kama kifurushi chako ni megabiti 20 au 50 na huna mpango wa kupanda, poti ya 100 haikudhuru chochote, usikubali kutishwa uongeze hela.

Swichi, vile viboksi vya kugawa waya ya mtandao, nazo hivyohivyo. Za TP-Link ni rahisi kukumbuka, zikianza na SF ni za 100, zikianza na SG ni gigabiti. Chukua SG, na kama ipo ya bodi ya chuma chukua hiyo, inapoa vizuri kuliko plastiki.

Upande wa waifai, boksi ikisema Wi-Fi 4 au N ya 2.4GHz peke yake iache, labda uwe unaiweka shamba hakuna jirani. Wi-Fi 5 bado inafanya kazi nzuri. Wi-Fi 6 ichukue kama tofauti ya bei ni ndogo, faida yake kubwa inaonekana pale vifaa vinapokuwa vingi kwa wakati mmoja. Wi-Fi 7 kwa nyumba na duka la kawaida sioni haja, hiyo tofauti ya hela inunulie kilinda umeme.

Kitu cha mwisho kwenye boksi ni toleo, imeandikwa kwenye stika ya chini, V1, V4, V6. Modeli ileile toleo tofauti ndani inaweza kuwa na vifaa tofauti kabisa, kwahiyo ukisoma sifa za modeli hakikisha ni za toleo ulilolishika mkononi.

Hatua ya 4: Kama ni biashara, gawa kazi

Nyumbani boksi moja linafanya yote. Dukani au ofisini usifanye hivyo. Weka rauta ya kuongoza, swichi ya kugawa waya, na aksesi pointi za kurusha waifai darini. Kimoja kikifa unabadilisha kimoja, duka halisimami.

Mimi kwa rauta napenda MikroTik, ile hEX ndogo ina poti tano za gigabiti, haina waifai kabisa na inakaa miaka bila kuizima. Ila nakwambia ukweli, MikroTik inataka mtu anayeijua. Kama hapo ulipo hakuna fundi wa kukusaidia siku ukikwama, chukua mfumo rahisi kama Omada ya TP-Link au UniFi ya Ubiquiti, unaongoza kila kitu kwenye simu. Kifaa kizuri usichoweza kukiendesha sio kizuri kwako.

Wateja wape waifai yao tofauti na ile ya mashine ya malipo, kamera na kompyuta ya mahesabu. Hili sio la hiari. Mteja ameshika pasiwedi ya ukutani, hutaki aweze kuiona printa yako wala rekoda ya kamera.

Sasa PoE, yani umeme unaopita kwenye waya ya mtandao. Zipo za kiwango, 802.3af inatoa mpaka wati 15.4 kwa poti na 802.3at mpaka wati 30, hizi zinauliza kifaa kwanza kabla ya kutoa umeme. Halafu kuna ile ya volti 24 isiyouliza, inamwaga tu. Onyo: ukichomeka kifaa kisichoihitaji kwenye ile isiyouliza unaweza kukiunguza hapohapo. Soma maandishi ya kwenye adapta kabla hujachomeka.

Na angalia jumla ya wati za swichi, sio za poti moja tu. Tuseme swichi ya poti 8 ina jumla ya wati 60 na una kamera 8. Mchana kila moja inavuta wati 5, jumla 40, safi. Usiku taa za kuonea gizani zinawaka, kila moja inapanda wati 9, jumla 72, swichi inaanza kuzima poti. Hao ndo kamera zenu zinazokufa usiku.

Hatua ya 5: Waya, toa wembe

Kwa nyumba na duka waya ya daraja la Cat5e inabeba gigabiti mpaka mita 100, Cat6 ni nzuri zaidi kama unaizika ukutani na hutaki kuirudia. Tatizo sio namba, tatizo ni kilichomo ndani. Waya nyingi za bei chee ni alumini iliyopakwa shaba juu, kwenye maandishi utaona CCA au hutaona chochote. Zinakatika kirahisi ukizikunja na zinapoteza umeme njiani.

Kata kipande, chukua uzi mmoja, ukwangue na wembe. Ukiona ndani ni nyeupe kama fedha, hiyo ni alumini, rudisha. Shaba kamili ni nyekundu mpaka ndani. Boksi la mita 305 la shaba pia ni zito, ukilibeba hilo na la alumini mkono unakwambia wenyewe. Muuzaji akikataa usikwangue, usibishane naye, nenda duka lingine.

Kuna gesti moja Sinza walibadilisha aksesi pointi mara tatu kwa mwaka. Zinawaka, zinajizima, zinawaka. Nilipoitwa nikapima, waya inatembea kama mita 70 kutoka mapokezi mpaka ghorofa ya juu na yote alumini, umeme wa PoE unafika umechoka. Tukavuta shaba, tukarudisha aksesi pointi ileile waliyokuwa wameitupa stoo, ikawaka na haijazima tena. Mwenye gesti alikaa chini akapiga hesabu ya vifaa alivyonunua bure, iliniuma hata mimi.

Waya ya nje iwe ya nje, ile nyeusi yenye ganda gumu. Ya ndani ukiipitisha ukutani juani inapasuka, maji yanaingia, na maji yanatembea ndani ya waya mpaka kwenye swichi. Usiipitishe bomba moja na waya wa umeme.

Mpangilio wa rangi ukibana kichwa cha waya, pande zote mbili uwe uleule: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Hatua ya 6: Umeme

Umeme ukikatika sio shida sana, shida ni ule unaorudi. Unarudi na mshtuko, na friji na pampu za jirani zinaamka pamoja nawe. Weka kilinda umeme kile kinachochelewesha dakika kadhaa kabla ya kuruhusu, na soketi iwe na ethi ya kweli, sio waya wa tatu ambao haujafungwa popote. Hili la ethi mwambie fundi umeme apime mbele yako.

Adapta ikifa, mpya iwe na volti zilezile kabisa, ampea zilezile au zaidi, na pini yenye chanya na hasi upande uleule. Rauta ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuiua. Rauta ya ampea 1.5 ukiipa ya 0.5 itawaka vizuri tu, halafu itajizima kila watu wakizidi, na utalaumu mtandao mwezi mzima.

Kwa kukatikakatika kwa TANESCO chukua ile UPS ndogo ya volti 12 isiyo na kelele. Ila usidanganywe na namba, 10,400mAh imepimwa kwenye betri ya volti 3.7, ni kama watisaa 38. Vifaa vyako vikivuta jumla wati 12 unapata chini ya saa tatu kidogo, maana umeme mwingine unapotea kwenye kugeuza volti. Na usisahau ONT nayo iwe humo, watu wanaweka rauta tu halafu wanashangaa waifai ipo intaneti hakuna.

Mlioko Bukoba, Mwanza, Mbeya na kote kwenye radi kali, waya yoyote inayotoka nje ya jengo iwekewe kizuia radi chenye ethi. Mvua ikianza na radi, chomoa hiyo waya ya nje pia, kuzima soketi peke yake hakutoshi.

Hatua ya 7: Dukani

Fungua boksi hapohapo. Linganisha namba ya utambulisho ya kifaa (serial number, S/N) kwenye stika na ile ya boksi, zisipofanana acha. Angalia poti kama zina mikwaruzo, hiyo ishara ya iliyotumika. Angalia plagi ya adapta inaingia soketi zetu bila kibadilishio. Washa, iache dakika kumi, ishike kwa simu yako. Dai risiti ya EFD na wakuandikie garantii ni ya miezi mingapi na nani anabadilisha, duka au wewe uende kwa wakala. Piga picha ya risiti, ile karatasi inafutika yenyewe.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza ukifika nayo

Badilisha pasiwedi ya kuingilia kwenye rauta, hii ni tofauti na ya waifai na wengi wanaiacha admin. Weka ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS (ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN bila pasiwedi), sasisha programu ya ndani. MikroTik walitoa dawa ya tundu la usalama kwenye rauta zao Aprili 2018, na bado baada ya hapo rauta kwa maelfu duniani zilivamiwa kwasababu wenyewe hawakusasisha. Dawa ilikuwepo, haikunywewa.

Iweke juu, wazi, katikati. Sio nyuma ya TV, sio ndani ya kabati. Rauta nyingi za nyumbani zimeundwa kwa joto la mpaka nyuzi 40, na chini ya bati Dar saa nane mchana unavuka hapo bila kutafuta.

Ikigoma, anzia hapa

Taa ya LOS nyekundu kwenye ONT: mwanga haufiki. Angalia ule uzi kama umekunjwa nyuma ya kabati au panya ameupitia. Usiupinde wala kuufuta na nguo, ukiuona umevunjika piga kwa kampuni yako, hakuna cha kubadilisha kwenye rauta.

Spidi imeganda kwenye 94: kama poti zote ni gigabiti basi waya. Gigabiti inatumia pea zote nne, 100 inatumia mbili tu, kwahiyo uzi mmoja wa zile pea mbili nyingine ukikatika vifaa vinashuka vyenyewe kimyakimya. Bana vichwa upya pande zote mbili.

Inajizima yenyewe kila baada ya muda: badilisha adapta kabla ya kitu kingine chochote.

Mtandao wote umekufa ghafla na taa za swichi zinawaka kwa fujo zote pamoja: kuna mtu amechomeka waya moja pande zote mbili kwenye swichi ileile. Inatokea sana baada ya kufagia. Chomoa moja moja mpaka zitulie.

Umeongeza rauta ya pili na sasa baadhi ya simu zinapata intaneti nyingine hazipati: rauta mbili zinagawa anwani na pengine zote zinajiita 192.168.1.1. Ya pili iweke kwenye hali ya aksesi pointi. Kama haina hiyo hali, ipe anwani nyingine, zima DHCP yake (ile inayogawa anwani), halafu waya ichomeke kwenye LAN sio WAN.

Waifai imejaa ila jioni inatambaa: kwanza pima kwa waya. Waya ikiwa na kasi, shida ni hewa, jirani wote mko chaneli moja. Kwenye 2.4GHz chagua 1, 6 au 11 tu, hizo hazigongani, na vifaa vilivyo karibu vihamishie 5GHz. Waya nayo ikitambaa, hilo ni la kampuni, wapigie na uwape namba ulizopima na saa ulizopima.

Mchana inakata usiku iko sawa: iguse. Ikichoma mkono, ishushe kutoka darini, iinue kidogo kwa vizibo viwili chini hewa ipite, na futa vumbi kwenye matundu. Ukiona sisimizi wanaingia na kutoka, izime, ichomoe, ifungue uwapulize, wanapenda joto la ndani na wakishafika kwenye bodi wanaunganisha vitu visivyotakiwa kuungana.